"There" ya mwanzo haionyeshi mahali

Vijana wanaojinoa Kiingereza hapa Moshi ili wapate kazi ya kupandisha wageni Kilimanjaro wameshika kwamba "there" ni "pale", basi. Ndiyo maana mgeni akiulizia njia ya Marangu anajibiwa "In Marangu has huts", au "At Kibo has no water". Wamefasiri "kuna" kwa "has", wakati Kiingereza husema "there is" au "there are". Mgeni ataelewa, lakini sarufi imeenda upogo.

"There" ya mwanzo wa sentensi haionyeshi mahali popote. Inashika tu nafasi ya kiima, maana Kiingereza hakikubali kitenzi kianze peke yake. Kitu chenyewe kinakuja baadaye. Ushahidi: "There is a hut there." Kama zote mbili zingekuwa "pale", ya nini kurudia? Ya kwanza hutamkwa kwa wepesi, ya mwisho ndiyo inayonyoosha kidole.

Kosa la pili wanalo hata wazoefu. "Kuna" yetu haijali umoja wala wingi: kuna kibanda, kuna vibanda. Kiingereza kinajali. "There is a hut", lakini "There are huts at Mandara, Horombo and Kibo". Maji hayahesabiki, kwa hiyo "There is no water at Kibo" (na kweli, wapagazi huyabeba kutoka chini). Kwenye orodha, kitenzi mara nyingi hufuata kinachotajwa kwanza: "There is a cook and six porters."

Kuuliza ni kugeuza tu: "Are there toilets?" Ile "Does there have" ifutwe kabisa.