Kufunga ekzosi ya kununua kwenye pikipiki bila kuvuja

Pikipiki ikishafungwa ekzosi mpya, ikaanza kulia tik-tik asubuhi injini ikiwa ya baridi, wa kwanza kulaumiwa ni nati. Inakazwa, inakazwa tena, mpaka stadi, ile boliti isiyo na kichwa inayoshika nati, inakatikia ndani ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini. Mara nyingi nati haina kosa. Bomba lilivutwa kwa nguvu likae mahali ambapo halikufika lenyewe, gasketi, ile pete ya kuziba, ikagandamizwa upande mmoja, na upande wa pili ukabaki na upenyo. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuzuia kuvuja hufanyika kabla hujashika spana.

Anza na vipimo, tena kabla ya kulipa. Mafla (sehemu ya nyuma ya ekzosi inayopunguza kelele) nyingi za Kichina zinazouzwa madukani zina mdomo wa milimita 51, na kwenye boksi huwekwa adapta ya kuushusha hadi 38. Bomba la mbele la pikipiki za bodaboda za cc 125 hadi 150, kama Boxer au TVS HLX, ni jembamba kuliko hapo. Chukua venia (kipimo cha kubana cha milimita), pima kipenyo cha nje cha bomba lako na cha ndani cha mafla. Tofauti ikizidi nusu milimita, klempu, mkanda wa chuma unaobana kiungo, haitaziba hata uikaze vipi. Itabonyeza chuma na kukiacha na umbo la yai. Kuna wanaojaza nafasi hiyo kwa kukata kopo la soda na kulizungushia bomba. Bati lile ni jembamba na laini mno kwa moto wa pale. Nenda kwa fundi wa kukereza vyuma, mjini Arusha au Moshi hawakosekani, akutengenezee bushi ya chuma kwa vipimo vyako, na iingie kwa kusukumwa kwa mkono.

Bomba la ndani, yaani lile la mbele, liingie kwenye mafla angalau milimita 30, zikifika 40 ni bora zaidi. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Mdomo wa mafla huwa umechanwa mifereji ili klempu iweze kuubana. Bomba la ndani lisipovuka mwisho wa ile mifereji, moshi unatoka kupitia hapo hapo, na hakuna klempu duniani itakayouzuia. Pima urefu wa mfereji, weka alama ya chaki kwenye bomba, hakikisha alama inazama.

Kufungua ya zamani kunataka subira. Pulizia nati dawa ya kutu jioni, ufungue asubuhi. Nati ikigoma, irudishe mbele robo, kisha nyuma, hivyo hivyo mpaka ilainike. Stadi ni chuma, hedi ni alumini. Ukilazimisha, kinachofuata ni stadi kukatika au uzi wa hedi kung'oka, na hapo gharama inaweza kupita bei ya ekzosi yenyewe. Nati ambayo imeliwa pembe ikatwe kwa msumeno mdogo.

Ekzosi ikishatoka, mulika tochi ndani ya tundu la hedi. Gasketi ya zamani huganda pale, ikachafuka na masizi mpaka ikafanana na hedi yenyewe. Nyingi ninazokutana nazo zikivuja zina gasketi mbili, mpya juu ya kuukuu, na bomba haliwezi kukaa sawa juu ya mrundikano huo. Ing'oe kwa ndoano ya waya mgumu bila kukwaruza alumini. Kisha safisha uso kwa brashi ya waya wa shaba, na uzi wa stadi pia. Mdomo wa bomba jipya uweke juu ya kioo tambarare: ukiona mwanga unapita chini, weka msasa namba 120 juu ya kioo na usugue kwa mzunguko mpaka ulingane.

Gasketi iwe mpya kila mara. Ile pete ya shaba au bati laini imetengenezwa ili ibonyee mara moja tu, na iliyokwisha kubonyea haina tena cha kutoa. Ishikize kwenye tundu kwa grisi kidogo isianguke unapopandisha bomba. Kwenye stadi paka grisi ya shaba, si grisi ya kawaida, ambayo huungua na kuacha nati imeganda.

Sasa ufungaji. Ning'iniza kila kitu kikiwa legelege: flanji (bapa la mdomo wa bomba lenye matundu ya stadi) kwenye hedi, klempu kwenye kiungo, boliti ya mafla kwenye fremu, vyote kwa vidole tu. Angalia kama tundu la mkono wa mafla linakutana na tundu la fremu bila wewe kusukuma. Lisipokutana, panua tundu la mkono kwa tupa au tengeneza mkono mwingine wa bapa ya milimita 4 au 5. Usivute mafla ifuate tundu. Mvuto huo wote unakwenda kuishia kwenye gasketi, na baada ya muda unapasua sehemu iliyochomelewa karibu na flanji.

Kaza nati za hedi kwanza, kwa zamu, robo mzunguko kila upande, ili flanji ishuke sawasawa. Stadi ya M6, yenye nati ya spana namba 10, inatosheka na niutoni mita 10 hivi. Ya M8 ni kati ya 18 na 25. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, kifuate. Usipokuwa na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, tumia spana ya ringi fupi na nguvu ya kiwiko, siyo ya bega. Baada ya hapo kaza klempu, na boliti ya mafla iwe ya mwisho, ikiwa na bushi yake ya mpira na kibomba cha chuma ndani. Wanaoitupa bushi hiyo wanahamisha mtikisiko wote wa barabara za vumbi za Ngaramtoni kwenye stadi mbili ndogo.

Kuhusu gundi: ile ya ekzosi inayokauka kwa moto ni ya kiungo cha nyuma peke yake. Paka safu nyembamba nje ya bomba la ndani, siyo ndani ya mafla, kwa sababu ya ndani inasukumwa na kujikusanya. Kwenye hedi usiweke kitu zaidi ya gasketi. Silikoni nyekundu inavumilia nyuzi joto 300 hivi, na moshi unaotoka kwenye hedi ya pikipiki inayopanda Kibosho kwa gia ya pili ikiwa na abiria na gunia la ndizi ni moto zaidi ya mara mbili ya hapo. Itaungua na kuacha njia.

Kabla ya kuwasha, futa ekzosi kwa spiriti, maana alama za vidole huungulia kwenye chuma king'aavu na hazitoki tena. Washa nje ya banda. Kagua ikiwa bado baridi, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na upenyo mdogo hujificha. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye viungo, kisha injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila resi, ziba tundu la nyuma kwa kitambaa kinene, sekunde mbili tatu, ukiwa na glovu. Injini inapaswa kuzidiwa au kuzima. Ikiendelea kunguruma bila shida, fuata mapovu. Iache ipate moto, ipoe kabisa, kisha kaza tena nati za hedi. Kagua tena baada ya kilomita 100.

Ikilipualipua unapoachia resi, usikimbilie kabureta. Moshi hutoka kwa mapigo, na nyuma ya kila pigo kuna mvuto unaoingiza hewa kupitia upenyo wa hedi. Hewa hiyo ikikutana na petroli isiyoungua, inalipuka ndani ya bomba. Kwenye pikipiki za injekta, hewa hiyo hiyo huidanganya sensa ya oksijeni, na injini inaongezewa mafuta isiyoyahitaji. Kama hakuna panapovuja, ndipo uangalie plagi: nyeupe maana yake mchanganyiko umekuwa mwepesi, petroli kidogo kwa hewa nyingi. Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa pwani kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo mchanganyiko huelekea kuwa mzito. Ekzosi inayopumua zaidi hapa inaweza isihitaji jeti kubwa, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Mjini Moshi, ambako ni chini zaidi, plagi itakuonyesha weupe mapema.

Ukiona unyevu unadondoka kwenye kitundu kidogo chini ya mafla, hapo hapavuji. Ni tundu la kutolea maji ya mvuke. Ukiliziba kwa kuchomelea, maji hubaki ndani na mafla huliwa na kutu kuanzia tumboni.