Kuweka programu kwenye Linux si lazima uandike amri

Wengi wanaamini kwamba kompyuta ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) haimfai mzazi au shangazi, kwa kuwa kuweka programu hata moja kunahitaji kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Imani hiyo ina chanzo: miaka ya 1990 kazi nyingi zilifanyika hivyo, na hata leo maelekezo mengi mtandaoni huanza na amri, maana ni rahisi kunakili.

Ila Ubuntu na Linux Mint, matoleo mawili ya Linux, huja na duka la programu, kama lile la kwenye simu. Shangazi yuko Kongwa, wewe uko Nkuhungu: mpigie, afungue menyu, aingie kwenye duka hilo, atafute VLC (programu ya kuchezea video), abofye kitufe cha kuweka, kisha aandike nywila. Hapo ndipo watu husita, wakidhani wanaombwa namba ya siri ya benki. Ni ile ile anayofungulia kompyuta.

Kwa maoni yangu, kinachosumbua zaidi ni mazoea ya Windows ya kupakua faili la .exe (la programu za Windows) kutoka tovuti yoyote. Linux kwa kawaida hailiendeshi.

Ukitaka kuhakikisha, fungua duka mwenyewe usome jina la mchapishaji, kwani si kila kilichomo kimetengenezwa na wenye mfumo. Tazama na ukubwa, hasa bando likiwa dogo.

Amri bado zina kazi: mkisaidiana kwa ujumbe, "sudo apt install vlc" ni mstari mmoja tu. Nywila huenda isionekane akiiandika, kibodi haijaharibika.