Maswali ya mtandaoni yanayojua umekosea wapi

Wengi wanaofeli kalkulasi mwaka wa kwanza wa chuo hawajashindwa na kalkulasi yenyewe. Wanakwama kwenye sehemu (kama ¾), namba hasi na kufungua mabano, mambo ya kidato cha pili. Kila mwaka nakutana na (x + 3)² iliyofunguliwa kuwa x² + 9. Ile 6x imepotelea njiani.

Video nazo zipo, lakini zinakula bando, na anayezitazama huitikia kichwa tu. Mimi naandika maswali ya STACK, programu huria ya kusahihisha hisabati mtandaoni, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Huku kwetu Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, kinaitumia tangu 2019. Mwanafunzi hachagui A, B au C, anaandika jibu lake mwenyewe. Nyuma ya pazia kuna Maxima, mfumo wa aljebra unaotambua kwamba 2(x + 1) na 2x + 2 ni kitu kimoja.

Kazi yangu kubwa ni kuyawahi makosa. Akiandika x² + 9, simwambii “si sahihi” nikamwacha hapo. Anapata ujumbe: weka x = 1 kwenye swali, kisha kwenye jibu lako. La kwanza linatoa 16, la pili 10. Hapo hahitaji mhadhiri wa kumshawishi.

Kila mmoja hupewa namba zake, kwa hiyo picha ya majibu kwenye grupu la WhatsApp haifui dafu. Itabidi waulizane njia. Ila namba hizo zichaguliwe kwa makini. Katika (x + a)² mimi huhakikisha a haiwi 2 kamwe, maana anayedhani kipeo cha pili ni kuzidisha kwa mbili atapata 4 ile ile, na programu itampa maksi kwa fikra potofu.

Halafu kuna kinyota, alama ya kuzidisha kwenye kompyuta. Mipangilio mikali hudai 6*x, na kwenye simu hiyo ni adhabu. Ruhusuni 6x, jamani; tunafundisha aljebra, si kuchapa.

Kila wiki napitia majibu ambayo sikuyatarajia. Juzi nimeongeza ujumbe wa x² + 3x + 9: huyu anakumbuka kuwa katikati kuna kitu, amesahau tu kwamba 3x hujitokeza mara mbili.