Rozari imekatika? Ni uzi tu, wacheni kutetemeka

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa jumuiya jirani alinifuata mpaka mlangoni, nimetoka kwa watoto wa Utoto Mtakatifu, kile kikundi cha watoto kanisani, hata viatu sijavua, akanipatia mkebe wa Blue Band umefungwa juu na leso. Ndani kulikuwa na rozari ya kijana wake, imekatika, shanga zimetawanyika, msalaba uko chini kabisa. Hapo sina shida, watu huniletea rozari za kurekebisha kila wiki. Shida ilikuwa vile ameushika huo mkebe, mbali na mwili, kama mtu amebeba panya aliyekufa. "Mwalimu, hii kitu ilikatika asubuhi ya mtihani." Alafu akashusha sauti: shosho ya kijana amesema hiyo ni ishara, baraka imeshatoka, shanga zisiguswe na mtu, zitupwe mtoni, na kijana aombewe kabla ya mtihani mwingine.

Mtoni wapi sasa, Nairobi River? Mama Maria amekosea nani jamani.

Sikumjibu vizuri, nakubali. Nilikuwa na njaa, na hayo maneno nimeyasikia tangu nianze kufunga rozari na watoto, kila Oktoba, mwezi wa rozari, yanazidi. Kwa hivyo naandika mara moja, mtu akiniuliza tena nitamtumia hii kwa watsap nirudi kunywa chai.

Tuanze na uzi manake kesi yote iko hapo. Rozari hukatika kwa sababu zilezile kamba ya kiatu hukatika. Zile za dukani za mnyororo, vile vipete vinavyoshikanisha punje ni waya laini umekunjwa tu, haujachomelewa, ukivuta kidogo mdomo unafunguka. Mtoto akiikwamisha kwa mfuko wa sweta, imeisha. Za uzi nazo ziko na ugonjwa wake. Shanga za plastiki hutoka kiwandani tundu likiwa na kingo kali, chukua moja upitishe ukucha utaskia, sasa hiyo kingo inasugua uzi wa pamba kila siku kama msumeno mdogo, na za kioo ndio mbaya zaidi. Ongeza jasho la mikono. Za lastiki sitaki hata kuzungumzia, ukiitundika kwa kioo cha gari jua linaikausha, siku moja uko Jogoo Road kwa jam unaskia tu shanga zinanyesha chini ya kiti.

Na karibu zote hukatika pahali pawili. Pale kwa medali ya katikati, manake hapo nyuzi zinakutana na ndipo kila mtu huvuta, na pale juu ya msalaba, manake watoto hutafuna msalaba. Ndio, wanatafuna, angalia ncha ya uzi utaona alama za meno. Ya huyu kijana wa mtihani niliimwaga kwa sinia nikavaa miwani: uzi ulikuwa umesagika ukabaki kama nywele tatu, na umekatika kama sentimita moja hivi kutoka kwa medali. Hiyo ishara ilikuwa inajiandaa tangu mwezi wa tano.

Sasa baraka. Rozari iliyobarikiwa ni kisakramenti, si sakramenti kama ubatizo, na hiyo "ki" ya mbele watu huipita kama matatu inapita zebra. Padri au shemasi akiibariki hajaweka kitu ndani ya shanga vile unaweka chaji kwa simu, ati ikianguka betri inatoka. Kanisa limeomba, na hicho kitu kimetengwa kwa ajili ya sala. Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1670 inasema visakramenti havitoi neema ya Roho Mtakatifu vile sakramenti zinatoa, ila kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea. Na Sheria ya Kanisa, kanuni 1171, inataka kitu kilichobarikiwa kwa ibada kitunzwe kwa heshima, kisitumiwe ovyo, hata kama ni chako wewe mwenyewe umenunua na pesa yako. Kutunzwa kwa heshima. Kukiogopa hakujatajwa.

Alafu hapa ndipo watu hunichosha. Mtu atakuambia "lakini Mwalimu, si rehema zinapotea ikikatika?" Hapana. Rehema hapa ni kufutiwa adhabu inayobaki hata dhambi ikishasamehewa, na kanuni za Kanisa kuhusu rehema zinasema ile rehema inayofuatana na kutumia kitu cha ibada inakoma tu kama hicho kitu kimeharibika kabisa au kimeuzwa. Soma tena: kimeharibika kabisa, au kimeuzwa. Uzi haumo. Wanasheria wa Kanisa wa zamani, wale waliopenda kuchambua vitu mpaka mfupa, walishikilia kwamba kwa rozari baraka inafuata punje, haifuati kamba wala mnyororo, kwa hivyo unaweza kubadilisha uzi mara mia na bado ni rozari ileile. Kwa hivyo huyo mama alikuwa na rozari iliyobarikiwa kwa mkebe wa Blue Band, tayari kuirusha kwa mto, kwa sababu ya uzi wa shilingi ishirini.

Lile neno la pili, kuuzwa, hakuna mtu hulitetemekea na ndilo lingefaa litetemekewe. Kuna wauzaji huko nje ya makanisa mjini, wengi ni watu wazuri, mimi pia hununua kwao, lakini kuna wale watakuambia "hii imebarikiwa tayari, ongeza hamsini." Wacha nikuambie, kama ilikuwa imebarikiwa, akishakuuzia hiyo rehema imekoma, na hiyo hamsini umelipia hewa. Baraka haina bei, kuiwekea bei ni dhambi ya zamani sana na iko na jina lake kwa Katekisimu. Nunua rozari bila baraka, mshike padri baada ya Misa, hata nusu dakika haichukui.

Nitakubali kitu kimoja ambacho hakijaniisha kwa kichwa. Kuna shosho mmoja namrekebishia rozari yake miaka mingi sasa. Kati ya punje 59 alizoanza nazo, za kwanza zimebaki labda ishirini, msalaba si ule, medali ilitoka kwa rozari ya marehemu mzee wake. Je, hiyo ni rozari ileile iliyobarikiwa? Jibu la vitabu ni kwamba ukibadilisha kidogo kidogo inabaki ileile. Sawa, lakini nikiitazama kwa mkono sijui niseme nini. Mimi nimejiwekea sheria yangu ya nyumbani, haiko popote: nikibadilisha zaidi ya nusu, namwambia mwenyewe airudishe kwa padri. Padri mmoja aliniambia nampotezea wakati, mwingine akaniambia nafanya vizuri kabisa. Basi naendelea hivyo.

Na kama imeharibika kweli, imekanyagwa na lori, ichome au uizike kwa udongo safi. Si takataka, si mto. Mbona matawi ya Jumapili ya Matawi mnajua? Yale ya mwaka jana si ndio huchomwa tukapakwa Jumatano ya Majivu, hakuna mtu huyatupa kwa mtaro.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Shosho akisema rozari iliyokatika ni mkosi, mtoto hajifunzi kuheshimu rozari, anajifunza kuificha. Nimepata shanga chini ya godoro, kwa kifuko cha kalamu, moja nilipata imefungwa na gundi ya karatasi, mtoto anaogopa kusema. Hapo rozari imeshakuwa hirizi. Katekisimu 2111 inasema wazi, ukidhani sala au ishara inafanya kazi kwa sababu tu ya umbo lake la nje, bila moyo wako kuwa hapo, umeanguka kwa ushirikina. Hata kama ni ushirikina wenye medali ya Mama Maria katikati.

Isitoshe, ukikosa rozari kabisa, si uko na vidole kumi? Fumbo moja limetosha hapo, Salamu Maria kumi. Familia ikisali rozari pamoja kuna rehema kamili, kwa masharti ya kawaida, kitubio, komunyo na kuombea nia za Papa, na hakuna mtu atakuja kukagua mmehesabu na nini. Mimi husali na vidole kwa matatu, manake nikitoa rozari mtu wa kando huanza kuniuliza maswali.

Kwa hivyo dawa yangu ni moja: mtoto ajifungie rozari yake mwenyewe. Akishaona ni uzi, shanga na fundo, hofu inaisha yenyewe. Shanga nanunua soko la Kariokor, za milimita nane, ndogo zaidi vidole vya darasa la pili vinashindwa. Uzi, chukua ule wa nailoni wa fundi viatu, ulio na nta. Mshipi wa samaki hapana, unateleza, fundo linafunguka usiku umelala. Kata mita moja na nusu, utabaki lakini afadhali ubaki. Kila mtoto apewe vifuniko vitano vya soda, ahesabu shanga kumi kwa kila kimoja, tatu kando, alafu kubwa sita. Jumla 59. Msipite hapo mbio, manake kila mara mzazi mmoja anajifanya anajua anaweka kubwa tano kwa ule mzunguko, ati kila fumbo na Baba Yetu yake. Zile za mzunguko ni nne! Baba Yetu ya fumbo la kwanza iko kwa mkia, ile kubwa ya mwisho kabla ya medali. Nimewafungulia watu wazima rozari nzima kwa hiyo kosa moja, mmoja wao mwenyekiti wa jumuiya.

Fundo la mwisho funga mara mbili, kata, alafu chomea ncha na laita mpaka iwe kadonge kadogo. Hiyo ya laita afanye mtu mzima. Watoto chini ya miaka mitatu hakuna shanga, watameza, wafungie mafundo matupu kwa kamba nene, na hayo mafundo yanabarikiwa vilevile.

Kama watasali baada ya hapo, hiyo ndio sina uhakika nayo. Kuna Jumamosi watoto hupigania shanga za pinki saa nzima na fumbo hatufiki hata moja, narudi nyumbani nikijiuliza kama hii ni katekesi ama ni soko. Alafu wiki ingine mtoto mmoja ananiambia amesali mafumbo ya Mwanga na babake kwa sababu baba alikuwa hajui hayo mafumbo yapo. Si ajabu, Yohane Paulo wa Pili aliyaongeza 2002, huyo baba komunyo yake ya kwanza ilikuwa kitambo. Siwezi kuwaambia ni kipi hutokea zaidi. Sijahesabu na naogopa kuhesabu.

Yule kijana alikuja Jumapili baada ya Misa tukaifunga upya kwa meza ya jikoni, shanga zake zilezile, uzi mpya. Mbili zilikuwa zimepotea, tukaongeza za kijani, hakutaka nyeupe, ati anataka ajue ni zipi. Akaniuliza kama ni kweli Papa pia hubeba rozari. Nikamwambia kwa Papa Fransisko tuliona wenyewe, tarehe 27 Novemba 2015 pale uwanja wa Kasarani mbele ya vijana, alitoa vitu viwili mfukoni, rozari na kijisanduku kidogo chenye Njia ya Msalaba. Kijana hiyo ya rozari aliisahau papo hapo, akataka kijisanduku.

Basi Jumamosi ijayo tunafanya Njia ya Msalaba ya kiberiti: karatasi ndefu imekunjwa iwe na kurasa kumi na nne, kituo kimoja kila ukurasa, inaingia yote kwa kiboksi cha kiberiti. Leteni viboksi vitupu. Vitupu kabisa tafadhali, mara ya mwisho kuna mtoto alileta kimejaa njiti na mende mmoja.