Irene wa Hesse: aliolewa na ndugu yake, ila himofilia haikutokana na hilo

Kila tukifundisha kuhusu himofilia, ule ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, na tukagusa zile koo za kifalme za Ulaya zilizokuwa nao, hakosekani mtu wa kusema "si walikuwa wanaoana wenyewe kwa wenyewe, ndo maana". Leo tumtumie mwanamke mmoja ambae hasemwi sana, binti mfalme Irene wa Hesse, sababu yeye ni kweli aliolewa na ndugu yake na ni kweli alizaa watoto wenye himofilia, lakini hayo mambo mawili hayahusiani hata kidogo, na ukimuelewa Irene umeuelewa huu ugonjwa unavotembea kwenye ukoo.

Irene alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, tarehe 11 Julai 1866. Baba yake Ludwig alikuja kuwa Duke Mkuu wa Hesse, mama yake Alice ni mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza. Walizaliwa saba: Victoria, Elisabeth ambae nyumbani walimwita Ella, Irene, Ernst Ludwig, Friedrich, Alix na kitinda mimba Marie.

Friedrich ndo wa kwanza kuonyesha shida pale nyumbani. Alijikata sikioni, damu ikatoka siku kadhaa haikati, na mwaka huohuo, Mei 1873, akaanguka kutoka dirishani. Mtoto hakuvunjika, ukimuangalia nje ungesema kapona, lakini damu ilikuwa inavujia kwenye ubongo na akafariki siku hiyohiyo, hajafika hata miaka mitatu. Hili wazazi mlishike jamani, himofilia sio ugonjwa wa vidonda vya nje, hatari yenyewe ni damu inayovujia ndani, kwenye ubongo, kwenye magoti, kwenye misuli, pale ambapo huoni kitu.

Kabla msiba huo haujapoa likaja jingine. Novemba 1878 dondakoo iliingia nyumbani ikalaza karibu familia yote, watoto pamoja na baba, Ella pekee ndo akasalimika kati ya watoto. Marie akafa tarehe 16, ana miaka minne. Alice aliificha habari ile kwa wagonjwa wengine kwa muda, na inasimuliwa alipomwambia Ernst mtoto alilia sana mama akashindwa kujizuia akamkumbatia na kumbusu, baada ya hapo na yeye akaugua, akafa tarehe 14 Desemba akiwa na miaka 35. Irene alikuwa na miaka 12. (Dondakoo ni mojawapo ya magonjwa yanayokingwa na ile chanjo ya watoto ya wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo anaekwambia chanjo ni biashara ya wazungu mwambie asome familia ya huyu mzungu.)

Mwaka 1888 Irene akaolewa na Heinrich wa Prussia, mwanajeshi wa majini, mdogo wake Kaiser Wilhelm II, yule ambae serikali yake ilikuja kutawala Tanganyika. Mama yao ni dada wa tumbo moja, yani Heinrich ni mtoto wa mama mkubwa wa Irene, na kwetu wengi huyo ni kaka yako kabisa, huolewi nae. Wakapata wana watatu: Waldemar 1889, Sigismund 1896, Heinrich mdogo 1900. Wa kwanza na wa mwisho walikuwa na himofilia, wa katikati hana.

Sasa tuje kwenye sayansi. Jeni (ile chembe ya urithi) ya himofilia inakaa kwenye kromosomu X, moja ya vifurushi vinavyobeba jeni; mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. Kwa mwanamke, X moja ikiwa mbovu nyingine mara nyingi inamsaidia, kwa hiyo anaishi vizuri tu (wapo wanaotoka damu nyingi kwenye hedhi au wakijifungua, hao wapimwe). Mwanaume X yake hiyo moja ameipata kwa mama, na Irene ndo alikuwa na X moja mbovu. Heinrich baba mtu alikuwa mzima wa damu, X yake nzima, na wanae wa kiume hakuwapa hiyo X, aliwapa Y. Kwa hiyo hata Irene angeolewa na mvuvi wa Norway asiye na undugu nae hata wa mbali, watoto wake wangekuwa na hatari ileile: kila mtoto wa kiume ana asilimia 50 ya kuugua, kila wa kike asilimia 50 ya kubeba jeni mbovu, yani kuwa nayo kama mama yake. Na ni kila mimba upya, sio zamu.

Ndugu kuoana kunaongeza hatari kwenye magonjwa yanayotaka jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, mfano seli mundu. Himofilia haiko kundi hilo.

Ukitaka kuitafuta kwenye ukoo, kaulize upande wa mama: wajomba zake, kaka zake. Kwa Irene ilikuwa wazi ukijua pa kuangalia, kaka yake Friedrich na mjomba wake Leopold, aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuteleza na kuanguka. Huyo Leopold mwenyewe aliacha mtoto wa kiume mzima na binti aliyebeba jeni hiyo, ndivo inavokuwa, baba mwenye himofilia hampi mwanae wa kiume ila mabinti wote wanabeba.

Heinrich mdogo alianguka akagonga kichwa, akafa Februari 1904 na miaka minne tu. Agosti mwaka huohuo Alix, mdogo wake Irene aliyekuwa ameolewa na Tsar wa Urusi, akamzaa Alexei, na mtoto hajamaliza hata miezi miwili damu ikaanza kutoka kitovuni. Vipimo vya mabaki ya familia hiyo ya Tsar, matokeo yakatoka 2009, vilionyesha ni himofilia B, ile ya kukosa protini ya kugandisha damu namba 9.

Vita ya kwanza ikamkuta Irene yuko Ujerumani, Victoria yuko Uingereza, Alix na Ella wako Urusi, na Julai 1918 hao wawili wakauawa siku moja baada ya nyingine.

Waldemar alifika miaka 56, umri mkubwa kwa mgonjwa wa enzi zile. Mei 1945 alikuwa amekimbilia Tutzing, Bavaria, akaanza kuvuja damu na ya kumuongezea haikupatikana, akafa, na mtoto hakuacha. Sigismund alihamia Costa Rica akazaa, na kwa kuwa alikuwa mwanaume mzima hakuwa na cha kurithisha, mwanaume hawezi kuibeba kimyakimya. Irene alifariki Novemba 1953, na kwenye tawi lake himofilia ikaishia hapo.

Kwa hiyo mama mwenye kaka au mjomba aliyekuwa anavimba magoti hovyo, au aliyetoka damu sana jando, aseme mapema kliniki, kabla mtoto wa kiume hajatahiriwa na kabla hajapewa sindano ya msuli au aspirini.