Je, wajua kwa nini pama nzuri hailegei kwa mvua?

Mvua ya Mwanza haipigi hodi. Uko mnadani Misungwi, unaona upande wa ziwa umekuwa mweusi, na kabla hamjapatana bei ya dume umeshalowa. Hapo ndipo pama hujulikana. Ya kijana imelegea, ukingo umelala masikioni kama jani la mgomba. Ya mzee aliye pembeni yake inachuruzika maji tu, umbo ni lilelile. Na zote ni za felti!

Felti haifumwi kwa uzi. Ni manyoya yaliyonasana yenyewe. Kila unyoya una vigamba, kama vya samaki, ila ni vidogo mno huvioni kwa macho. Manyoya yakiloweshwa kwa maji moto, yakakandamizwa na kuviringishwa, vigamba hushikana na havibanduki tena. Pama bora huanza ikiwa koni kubwa, mara mbili au tatu ya ukubwa wake wa mwisho, kisha husinyazwa kidogo kidogo kwa maji moto na mvuke hadi itoshe kichwa. Yaani ilishasinyaa kiwandani. Mvua itaisinyaza nini tena?

Halafu kuna aina ya manyoya. Yanayosifiwa zaidi ni ya biva, mnyama wa Amerika Kaskazini anayeshinda mitoni. Manyoya yake ya ndani ni membamba na hushonana sana. Sungura hufuata. John B. Stetson, aliyeanzisha karakana yake Philadelphia mwaka 1865, alijijengea jina kwa pama za manyoya ya namna hiyo. Za bei rahisi mara nyingi ni za sufu ya kondoo, ambayo haishikani kwa ukaribu huo, kwa hiyo maji hupenya upesi.

Ukipekua mitumba ya Mlango Mmoja ukakuta herufi X, alama ya ubora wa felti, zimepigwa ndani ya kofia, usikimbilie kulipa. Hakuna kipimo cha pamoja. Kila kiwanda huhesabu X zake. Mimi huamini vidole kuliko X.

Adui wa pama nzuri ni joto. Utepe wa ngozi wa ndani ukikaushwa upesi hujikunja na kuivuta kofia nzima, ikabana. Ikilowa, ikung'ute, geuza utepe utoke nje, iache kivulini ikauke polepole, mbali na jiko la mkaa. Na usiisahau kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani stendi ya Nyegezi.