Je, wajua kwa nini Kilimanjaro inasinyaa kwenye picha pana, na mafundi wa kuediti wanairudishaje?

Ukiwa hifadhi ya Amboseli, Kenya, asubuhi na mapema, mawingu hayajaufunika bado, huo mlima umekaa upande wa kusini mpaka unakosa la kusema, alafu unatoa simu unaweka ile 0.5, yaani lenzi pana ya simu, ili tembo, nyasi na anga vyote viingie, ukiangalia picha Kilimanjaro imebaki kichuguu. Kwa nini?

Simu yako haina ubovu wowote, ni hesabu tu. Kilele kiko mita 5,895, uwanda wa Amboseli uko kama mita 1,150 hivi, na kutoka katikati ya hifadhi mpaka Kibo, kile kilele chenyewe, ni karibu kilomita 50. Kwa umbali huo mlima mzima unanyanyuka digrii 5 na kidogo tu. Sasa lenzi pana ya milimita 16 kwenye kamera ya ful-freimu (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24) inaona karibu digrii 74 kutoka juu hadi chini, kwa hiyo picha yenye urefu wa pikseli 4,000 kwenda juu inaupa mlima kama 250, zinazobaki zote ni anga na nyasi. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: lenzi pana, ili mistari ibaki imenyooka, inavuta vitu vya pembeni, kule ukingoni kabisa vinavutika zaidi ya mara mbili kuliko katikati, na mlima sisi tunauweka wapi? Katikati. Macho nayo pale hayakugawa uangalifu sawasawa, yaliganda kwenye theluji.

Ndo maana watu wanakuza mlima peke yake. Njia ya haraka ni Photoshop, unanakili leya (tabaka la picha), unachagua mlima na anga ya juu yake, unaingia Warp, zana ya kukunja na kuvuta picha, unavuta kilele kwenda juu taratibu huku kitako ukikiacha palepale kwenye upeo. Ila ukikuza mara mbili, zile pikseli 250 zinakuwa 500 ila taarifa ni ileile, na ukungu na chenga (vile vidoadoa vya picha) navyo vinakua, kingo za theluji zinalainika mpaka inaonekana kabisa kuna mkono umepita.

Mimi napenda zaidi njia ya picha mbili. Tripodi haisogei, unapiga moja kwa milimita 16 kwa ajili ya nyasi na tembo, nyingine kwa 35 kwa ajili ya mlima, ambao hapo unatoka mkubwa zaidi ya mara mbili na pikseli zake ni za kweli, alafu unaziunganisha kwenye ule mstari wa miti ya mbali. Usisogee hata hatua, maana mpangilio wa kilicho mbele na kilicho nyuma unatokana na pale uliposimama, lenzi inakata tu. Chunga mgunga uliovuka upeo, ukiukata vibaya utakuwa na shina dogo na matawi ya mti mwingine, na kama kuna maji yanayoakisi mlima basi kivuli cha majini nacho kikue kwa kipimo kilekile, hapo ndo wengi wanakamatwa.

Kwa picha ya ukutani sioni tatizo, lakini andika kwenye maelezo kwamba mlima umekuzwa. Picha ya habari hapana kabisa, hiyo iache kama ilivyotoka kwenye kamera, ukitaka mlima mkubwa piga kwa milimita 100, utajaza karibu asilimia 40 ya kimo cha picha bila kugusa chochote.